Nilivyotoa Mbegu za Mama Shiru Sadaka

Nilikuwa nimeapa hii stori itazikwa na mimi, lakini nusu yake tayari mnayo kwa simu zenu, ile vidio ambayo nimesimama katikati ya kambi na maikrofoni mkononi na mdomo wazi kama mtu anayengoja kung'olewa jino, kwa hivyo leo nimeamua niwape na nusu nyingine, ndio mkicheka mcheke mkijua vizuri mnachocheka. Aibu niliipata, sikatai, na niliitafuta mwenyewe, tena kwa bidii, nikiwa nimenyolewa na kupakwa mafuta.

Kwa wale hawanijui, mimi ni Baba Shiru, mkulima wa viazi huku Mau Narok, na nikisema mkulima namaanisha kwamba shamba liko kwa jina langu, lakini anayejua viazi ni mke wangu. Mimi natafuta trekta, nabishana na madalali, nasimama mwisho wa shamba nikionyesha watu kazi kwa kidole. Mama Shiru ndiye huchagua mbegu. Kila tukivuna yeye hukaa chini na debe lake, anapitia rundo la viazi moja moja, anatoa vile vya ukubwa wa yai la kuku, visivyo na kidonda wala doa, anavitandaza kwenye stoo ya juu ambayo ina mwanga, na huko vinakaa hadi vigeuke rangi ya kijani na kuota vijimea vifupi vinene. Hapo ndipo vinakuwa tayari kuingia udongoni. (Kiazi cha kijani hakiliwi, hata ukiwa na njaa namna gani. Ni kichungu, na kinakushika tumbo hadi uanze kutubu dhambi za utotoni.) Viazi vya kula anaviweka stoo ya chini, karibu na jikoni, kwenye giza. Hakuna mtu wa Mau Narok asiyejua hiyo tofauti.

Na mwaka huo Mama Shiru alikuwa na mbegu ya maana. Alikuwa ameanza na ndoo moja tu aliyopata kwa mama fulani wa chama chao cha akina mama, msimu wa kwanza hatukula hata kiazi kimoja, msimu wa pili hatukuuza hata kimoja (nilinung'unika sana, mnaweza kumuuliza), na sasa, baada ya msimu wa tatu, mbegu zilikuwa zimefika kiasi cha kutosha shamba lote la chini. Alikuwa amezitia kwenye magunia sita, akayashona mdomo kwa uzi mwekundu wa sweta, na tulikuwa tupande Jumatatu, mvua ikitupa nafasi.

Sasa hiyo mvua. Mvua iliyotuchelewesha kupanda huku juu ndiyo iliyoteremka bondeni na kujaza ziwa, na ziwa likatoka mahali pake likaingia kwa nyumba za watu huko Karagita, zile nyumba za kupanga za chumba kimoja wanazokaa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Watu walitoka na godoro kichwani na watoto mgongoni, wakapigiwa mahema kwenye kiwanja cha shule. Tuliona hayo yote kwa simu. Jumapili, siku nane kabla ya hiyo Jumatatu yetu ya kupanda, Pasta wetu akasimama, akasema kanisa haliwezi kukaa likiangalia wenzetu wakilala majini, Jumamosi ijayo lori litaenda, kila mtu aseme atatoa nini. Watu wakaanza: blanketi, unga, maharagwe, mambo ya kawaida.

Halafu akasimama Karanja. Karanja ni jirani yangu, ana hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, pale sentani kwenye maduka, na shamba limepakana na langu, na ni mtu ambaye akikohoa anataka mjue amekohoa. Akafunga koti kifungo, akasema, "Mimi na familia yangu tutatoa ng'ombe. Mzima." Kanisa likapiga makofi. Watu wakageuka, sijui kwa nini, wakaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nimepanga kutoa gunia moja, au mawili nikiguswa na Roho. Nikasikia mkono wangu ukipanda wenyewe na sauti yangu ikisema, "Magunia sita ya viazi!" Makofi tena. Mama Shiru aliyekuwa ameketi kando yangu aliniangalia, akafungua Biblia mahali ambapo hakuna mtu alikuwa anasoma.

Kufika Ijumaa akaenda Kiamunyi kwa dadake, ambaye alikuwa amejifungua, akalala huko. Jumamosi asubuhi ndio lori lilikuwa lipite nyumbani kuchukua viazi. Mtu wa akili angekaa nyumbani alingoje. Lakini Pasta alikuwa ametangaza kwamba vijana watatupeleka laivu kwenye ukurasa wa kanisa ili hata wale walio mbali washiriki, na mimi niliposikia laivu nikajipapasa kichwa nikaona nywele zangu hazijafika kiwango cha mtu wa magunia sita. Kwa hivyo nikaenda kwa kinyozi. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Mengine yote yalitoka hapo.

Nikiwa kwa kiti, nimefungwa kitambaa shingoni, simu ikalia. Ilikuwa Sigei, dereva wa lori, muumini mwenzetu.

"Mzee, tumefika kwako. Ufunguo tumepata. Sasa hapa kuna stoo mbili."

"Chukueni magunia sita."

"Nasema ni mbili, mzee. Tuchukue ya stoo gani?"

Hapo kinyozi alikuwa ameweka wembe chini ya kidevu na ananiambia nitulie, na kwa benchi kulikuwa na wanaume wanne wanasikiliza, na mimi nilitaka nionekane mtu ambaye viazi vimemjaa hadi hajui viko wapi. Nikasema kwa sauti nzito, "Sigei, stoo ni stoo. Viazi ni viazi. Beba twende!" Mmoja wa wale wa benchi akatikisa kichwa kwa heshima. Sigei akasema sawa mzee, wakaingia stoo iliyo karibu na geti, ambayo ni ya juu, wakakuta magunia sita yameshonwa yanangoja, wakasema kumbe mzee amejipanga, wakabeba. Stoo ya juu ikabaki na ufagio.

Lori lilinipitia sentani. Mimi nilikaa mbele na dereva, magunia yangu yalikuwa chini kabisa yamefunikwa na mablanketi ya watu, sikuyaona. Karanja alikuja nyuma yetu na pikapu yake, ng'ombe amesimama ndani anaangalia Njoro ikipita. Njia yote nilikuwa napanga maneno nitakayosema nikipewa maikrofoni. Nilikuwa nimepata mazuri sana.

Karagita tulipokelewa vizuri. Kile kiwanja kilikuwa matope tupu, mahema yamepangwa mistari miwili, na upande mmoja wanawake walikuwa wameweka mawe na sufuria kubwa ya maji tayari inachemka, kwa sababu walikuwa wameambiwa kuna viazi vinakuja. Msimamizi wa jikoni alikuwa mama mmoja mrefu, wa sauti ya juu, anaitwa Mama Brian, alikuwa na kisu kiunoni kwenye kamba ya aproni, na watoto walikuwa wamejipanga mbele yake kila mmoja na sahani yake. Akanisalimia kwa mikono miwili. "Karibu mzee. Ndio wewe wa viazi? Mungu akubariki, hawa wamekula uji tangu jana." Nikamwambia leo watashiba. Kwa mdomo wangu huu.

Vijana wakashusha vitu, wakapanga magunia yangu mbele kabisa ndio yaonekane kwa kamera. Msichana mmoja wa kanisa anaitwa Mercy alikuwa ameshika simu anatupeleka laivu, huku anatusomea salamu zinazoingia. Pasta akaanza kuongea kuhusu upendo. Mimi nikasogea nikasimama karibu na magunia, nikaweka mkono juu ya moja, pozi la mwenye mali, na kidole changu kikagusa kitu. Nikaangalia chini. Kulikuwa na kijimea kimetokeza kwenye gunia, cha zambarau, kinene. Nikaangalia mdomo wa gunia nikaona uzi mwekundu. Nikaangalia gunia la pili, uzi mwekundu. La tatu. Sikuendelea kuangalia.

Nikafikiria haraka. Nilijiambia, Baba Shiru, bado hujachelewa, mwambie Pasta polepole kabla hajaombea, mambo yaishe kiutu uzima. Nikamkaribia, nikamnong'oneza sikioni, "Pasta, kuna shida. Hizi ni mbegu."

Sasa wale mnaenda makanisa yetu mnajua. Kwetu sisi mtu akisema amepanda mbegu, hakuna mtu anafikiria jembe. Mbegu ni sadaka, ile unatoa kwa imani ukingoja Mungu akurudishie. Pasta akageuka akaniangalia macho yamemjaa machozi, akainua maikrofoni.

"Ndugu yetu ameniambia kitu hapa! Amesema hivi si viazi! Amesema hizi ni mbegu!"

"Ameeen!"

"Hapana, Pasta," nikamvuta koti, "ni mbegu. Mbegu kabisa."

"Mbegu kabisa! Anasema si nusu mbegu! Ni mbegu kabisa!"

Watu wakasimama. Mama mmoja wa kwetu akaanza kuimba. Pasta akaweka mikono juu ya magunia, akaita wazee wa kanisa nao wakaweka mikono, na wakaomba maombi marefu, waliombea magunia, wakaombea na shamba yalikotoka, na mimi nikiwa nimefumba macho nasikia kila Amina ikinikaza kama msumari. Kwetu kitu kikishaombewa namna hiyo ni cha Mungu. Hukirudishi nyumbani ati ulikosea.

Halafu Pasta akanipa maikrofoni nitoe ushuhuda. Hapa ndipo ningejiokoa. Nilikuwa na maikrofoni, nilikuwa na watu wanasikiliza, ukweli wenyewe ulikuwa sentensi moja. Lakini nikaona kamera imeniangalia, nikaona Karanja amesimama kando ya ng'ombe wake, nikasema, "Bwana asifiwe. Hii ni mbegu... ya kutoka moyoni."

"Tumepata salamu!" Mercy akapaza sauti akisoma simu. "Tumesalimiwa na Mama Shiru kutoka Kiamunyi! Anasema, 'Baba Shiru, hizo ni mbegu zangu.' Ameen! Mama naye anasema ni mbegu yake!" Makofi. "Ameandika tena! Anasema, 'Hizo ni mbegu zangu za Jumatatu.' Wacha Mungu aitwe Mungu! Mama amepanda mbegu ya Jumatatu!"

Karanja ni mkulima. Nilimwona akigeuza uso akauficha ubavuni mwa ng'ombe, mabega yanatingika. Alikuwa ameelewa kila kitu.

"Ameandika tena," Mercy akasema, lakini sasa sauti imepungua kidogo, "anasema... 'Mwambieni huyo mtu asiguse hayo magunia.'"

Kabla mtu hajafikiria maana ya hiyo, Mama Brian, ambaye alikuwa amechoka na maombi kwa sababu maji yake yalikuwa yanakauka, alikuja na kisu akakata uzi mwekundu, akainamisha gunia kwa karai. Viazi vikamwagika. Vilikuwa vya kijani kabisa, vina vijimea pande zote, vingine vimekatika kwa vile gunia lilikuwa limetupwa kutoka kwa lori. Watoto wakanyoosha shingo kuona ndani ya karai.

"Mzee," Mama Brian akaniita bila maikrofoni, lakini sauti yake haikuihitaji. "Hii ni nini?"

"Ni mbegu," nikasema. Safari hii hakuna aliyesema Amen.

"Naona ni mbegu. Mimi nimezaliwa kwa shamba, najua mbegu. Nakuuliza unataka nifanye nini nayo." Akashika kimoja akakiinua ndio watu wote waone. "Nyumba yangu iko ndani ya maji. Hata hapa nimesimama ni kwa kuombaomba. Sasa umeniletea kitu ya kupanda. Nipande wapi, mzee? Kwa ziwa?"

Watu wa kambi walicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Kijana mmoja nyuma akasema, "Wametuletea zile wangetupa," na mwingine akasema, "Si vimeota ndio wakatuletea, aki hawa watu," na kile kicheko kikaanza kugeuka manung'uniko, na nikaona watoto na sahani zao wanaangalia uso wa Mama Brian wajue kama bado kuna chakula. Na simu zikatoka mifukoni. Hapo ndipo ile vidio yenu ilipigwa.

Kwa hivyo nikasema. Nilirudisha maikrofoni mdomoni, sasa ikiwa imeanza kupiga mluzi, nikawaambia kwamba hivi si viazi vya kutupwa, ni mbegu za mke wangu, alizikuza misimu mitatu, nimezibeba bila kumwuliza, na hazikuwa za kutolewa, ni mimi nimekosea stoo, kwa sababu nilikuwa kwa kinyozi. (Hiyo ya kinyozi sijui kwa nini niliisema. Hakuna mtu alikuwa ameuliza.) Na Sigei, kutoka juu ya lori, mbele ya watu wote na mbele ya kamera, akapaza sauti, "Lakini mzee, si niliuliza!"

Siku hiyo iliokolewa na Karanja. Inaniuma hata kuitamka. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akamwita mchinjaji wa pale karibu, na watoto wakala nyama na ugali, na kila aliyepita kando yangu na sahani alikuwa ananiangalia kwa huruma. Karanja mwenyewe aliniletea mfupa. Akasema, "Kula, jirani. Usijiue na mawazo."

Baada ya chakula nikamwendea Pasta na Mama Brian nikawaomba nirudi na magunia. Pasta akakuna kichwa, akasema jambo hilo ni gumu, zimeshaombewa na mikono imewekwa. Mama Brian akamkata, "Pasta, Mungu anajua kubadilishana. Mzee alete za kula, achukue zake za kupanda. Lakini hizi hazitoki hapa kabla sijaona zingine." Akayaangalia magunia yangu vile mtu anaangalia ng'ombe wa mdeni, akawaita vijana wayasogeze karibu na hema lake. Nikakubali. Ningefanya nini?

Simu niliogopa kuipiga, ikajipiga yenyewe.

"Uko wapi?" Mama Shiru akauliza.

"Niko Karagita."

"Najua uko Karagita, nimekuona. Umenyolewa vizuri. Kesho tunaenda pamoja." Akakata.

Jumapili asubuhi alifika kutoka Kiamunyi kabla sijamaliza chai. Hakupiga kelele. Kelele nimezizoea, tuna miaka mingi kwa ndoa. Alivaa gambuti zake za matope, akaniambia nimfuate, akafungua stoo ya chini. Pale nyuma ya mlango kulikuwa na magunia sita yamejaa hadi mdomoni, yameshonwa kwa uzi wa kawaida. Nikashika kiazi kimoja kupitia tundu. Vilikuwa viazi vikubwa, safi, vile ambavyo sisi wenyewe hatuli, tunauzia hoteli za Nakuru.

"Hizo ni za Karagita," akasema. "Nilizichagua siku ile uliinua mkono."

"Si ungeniambia!"

"Nilikwambia Ijumaa nikitoka. Ulikuwa unasikiliza redio. Ukasema 'mm'."

Nilibeba magunia kwenye lori mwenyewe, yote, na Sigei akakaa kwa usukani akaangalia mbele bila kunisaidia, naye nilimwelewa.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha tena bondeni. Tulikuta kambi imelowa zaidi, maji yanapita katikati ya mahema kama mfereji umefunguliwa. Mama Brian alifungua gunia la kwanza, akatoa kiazi, akakipiga na ukucha, akacheka kwa mara ya kwanza. "Hii sasa ndio viazi!" Wakasalimiana na Mama Shiru, wakashikana mikono kwa muda, wakaanza kuongea mambo ya bei ya mafuta na ya watoto, mimi nimesimama pale sionekani. Halafu Mama Shiru akauliza polepole, "Na zile zangu?"

Mama Brian akaacha kucheka. "Kuja uone," akasema.

Alitupeleka kwa hema lake. Ndani maji yalikuwa yameingia, yanafika kwa kifundo cha mguu. Na katikati ya hayo maji yalikuwa magunia yetu sita, yamelazwa ubavu kwa ubavu, juu yake mbao, juu ya mbao godoro, na juu ya godoro ameketi nyanya mmoja mzee, miguu imevimba, amefunikwa blanketi, mkavu, anakunywa chai.

"Ni mathe wangu," Mama Brian akasema, akimwonyesha mamake. "Maji iliingia usiku. Sikuwa na kitu ingine ya kumwinua. Hawezi kusimama."

Yule nyanya akatuangalia, akamwangalia Mama Shiru, akatoa tabasamu. "Ndio nyinyi wenyewe? Asanteni kwa kitanda."

Mimi, kwa sababu sijifunzi haraka, nikaanza kusema tunaweza kutafuta matofali, kuna hadwea hapo barabarani, dakika chache tu tunabadilisha. Mama Shiru hakuniangalia. Alichuchumaa kwa maji, akaingiza vidole kwa tundu la gunia la chini, akatoa kiazi kimoja. Vijimea vyote vilikuwa vimekatika, na upande mmoja kilikuwa kimeanza kulainika. Akakigeuza, akakiangalia, akakitia mfuko wa koti.

"Lala tu, cucu," akamwambia yule nyanya. "Ziko sawa hapo."

Tukitoka nje nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama Shiru, hata tukiokoa nusu..." Akasimama.

"Umeshatoa, Baba Shiru," akasema. "Ulitoa laivu. Wacha."

Tulirudi na lori tupu. Tukifika Gilgil niliona anaangalia nje kwa dirisha na anajipangusa uso na kitambaa cha kichwa, na hapo ndipo aibu iliniingia, ile yenyewe. Ile ya vidio ilikuwa ya ngozi tu. Misimu mitatu yule mwanamke alikuwa amekaa chini na debe, na mimi nilikuwa nimeimaliza misimu hiyo nikiwa kwa kiti cha kinyozi. Nilimwambia nisamehe. Akasema, "Nimesikia," na mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana.

Shamba la chini tulipanda tukiwa tumechelewa, kwa mbegu alizotupatia Karanja. Alizileta mwenyewe na pikapu, na Jumapili iliyofuata akasimama kanisani, akafunga koti kifungo, akasema, "Wapendwa, nimempandia ndugu yangu Baba Shiru mbegu," na kanisa lote likasema Amen huku limeshika mbavu. Kutoka siku hiyo naitwa Mbegu. Hata watoto wa shule wananiita Mzee Mbegu, na naitika.

Sijaacha kutoa, msinielewe vibaya, mafuriko hayajaacha kuja na watu hawajaacha kulowa. Lakini siku hizi mchango ukitangazwa, na Karanja akisimama, na watu wakianza kugeuka kuniangalia, mimi nageuka namwangalia Mama Shiru. Akiinua mkono, nainua. Asipoinua, nakalia wangu.